Waokota Masazo na Rundo la Mavuno

Katika sikukuu hii ya miaka kumi ya Chama chetu, twaomba ruhusa yenu tuseme machache juu ya picha. Wala msidhani kwamba tumeziacha habari za shamba.

Mwaka 1857 Jean-François Millet, Mfaransa mwana wa wakulima, aliwaonyesha watu wa Paris picha ya wanawake watatu katika shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Wawili wameinama, wakinyosha mikono hadi ardhini. Wa tatu ameinuka kidogo tu. Waokota masazo ya masuke, kama Ruthu katika shamba la Boazi. Nyuma yao, mbali, yaonekana marundo makubwa ya mavuno, mkokoteni, na msimamizi juu ya farasi. Wakubwa wengi walichukizwa na picha ile, kwa kuwa maskini wa shambani walichorwa kwa heshima kama mashujaa. Leo yatunzwa katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris.

Sisi wa Mbulu na Hanang hatuhitaji mkalimani wa picha hiyo. Kiuno kinachouma twakijua, na ngano twaijua. Katika miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalienea upande wa Basotu, yakilimwa kwa mitambo kwa msaada wa Kanada. Rundo lilikuwa kubwa kweli. Lakini ndugu zetu Wabarbaig walipoteza malisho yao, na wakulima wadogo walilitazama rundo hilo kwa mbali.

Mtanzania mwenzetu, marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, aliyesoma na kufundisha Makerere, naye alichora maisha ya vijijini. Lakini katika picha zake twawaona watu wengi pamoja, wakishirikiana kazi. Basi ushirika ndio njia ya kututoa katika picha ya Millet na kututia katika picha ya Ntiro: yule aliyeinama asimame karibu na rundo, auone mshale wa mizani kwa macho yake.

Lakini tusijisifu upesi. Waokotaji wale watatu ni wanawake. Nyumbani kwetu, ni nani apaliliaye mahindi, avunaye maharage na kupura mbaazi? Na siku ya malipo, ni jina la nani liitwalo mezani? Mama alimaye shamba, ikiwa hana jina katika daftari la Chama, huyo naye ni mwokota masazo katika shamba lake mwenyewe.

Hii ndiyo kazi ya miaka kumi ijayo. Tulifungue daftari, ndugu zetu, tuandike majina yaliyosahauliwa. Kwa maana mchumia juani hulia kivulini, na kivuli cha Chama hiki ni cha wote waliochuma.

Ushirika udumu.