Umejuaje? Somo la Hesabu kwa Madarasa ya Watu Wazima

Chukueni daftari na kalamu. Leo hatutajifunza kanuni mpya ya kuzidisha. Tutajifunza swali moja fupi, nalo ni hili: Umejuaje?

Watu wengi hudhani kwamba hesabu ni kukariri tu. Mwalimu asema, wanafunzi waitikia, basi. Kukariri kunafaa, lakini hakutoshi. Jambo ulilolikariri huweza kukuponyoka siku ya haja. Sababu uliyoielewa hukaa nawe.

Natutazame mfano. Mkulima amepeleka pamba yake kwenye chama cha ushirika. Mizani yaonyesha kilo 38. Tuseme bei ni shilingi 1,200 kwa kilo moja. Karani aandika katika stakabadhi: shilingi 35,600. Je, mkulima apokee fedha aende zake?

Asiwe na haraka. Na ajiulize kwanza: kilo 10 ni shilingi ngapi? Ni 12,000. Basi kilo 30 ni 36,000. Angalieni! Kilo 30 peke yake zimekwisha kupita hesabu ya karani, na bado kilo 8 hazijahesabiwa. Kwa hiyo hesabu ile haiwezi kuwa sawa. Mkulima amejua hivyo kwa kufikiri tu, kabla ya kushika kalamu.

Sasa tutafute jibu lenyewe. Darasani mmoja wenu atasema: “Kilo 30 ni 36,000, na kilo 8 ni 9,600. Jumla ni 45,600.” Mwalimu amwulize: “Umejuaje?” Naye aeleze. Mwingine atasema: “Mimi nimefikiri kilo 40, ambazo ni 48,000. Kisha nimetoa kilo 2, yaani 2,400. Nimepata 45,600.” Njia ni mbili, jibu ni moja. Mwalimu asiseme kwamba njia moja tu ndiyo halali. Awaache wote wawili waeleze, na wengine wasikilize na kuuliza.

Na aliyekosa je? Asichekwe. Naye aulizwe vilevile: “Umejuaje?” Akieleza, kosa litaonekana. Karani wetu alitaka kujumlisha 36,000 na 9,600. Elfu 6 na elfu 9 ni elfu 15. Akaandika 5, akaisahau ile 1 ya makumi elfu. Kwa kusahau 1 tu, mkulima angepoteza shilingi 10,000! Lakini hana haja ya kugombana. Atasema kwa upole: “Bwana karani, tafadhali tuhesabu pamoja.” Mwenye sababu hapigi kelele.

Mtaalamu mmoja wa hesabu, George Polya, aliyezaliwa Budapest mwaka 1887, aliandika kitabu mwaka 1945 juu ya jinsi ya kufumbua maswali ya hesabu. Alifundisha hatua nne. Kwanza, lielewe swali. Pili, tafuta njia. Tatu, ifuate njia hiyo. Nne, geuka nyuma ulitazame jibu lako: je, laweza kuwa kweli? Wengi wetu huiacha hatua ya nne. Nanyi mmeona kwamba hiyo ndiyo iliyookoa fedha za mkulima.

Basi, hili ni zoezi lenu. Jirani yako ana kilo 49 za pamba, bei ni ile ile ya shilingi 1,200. Ameambiwa atapata shilingi 60,800. Msianze kwa kuzidisha. Kwanza fikirini: kilo 50 zingekuwa shilingi ngapi? Je, jibu lile laweza kuwa sawa? Kisha tafuteni jibu lililo sawa kwa njia mbili. Kila mtu amweleze mwenzake njia yake, na mwenzake asiridhike mpaka amwulize: Umejuaje?

Kwaherini, na msome kwa bidii.