Nani Ampigie Nani Hodi?



Malalamiko kwamba vijana wa leo hawana mipaka yana umri mrefu kuliko yeyote aliyemo ukumbini humu. Nasema mipaka wanayo, tena mikali, ila imegeuka upande.

Tazameni nyumba kongwe za mawe za Lamu. Mgeni wa kawaida aliishia dakani, mbele ya mlango, penye mabaraza ya mawe, akazungumza na mwenyeji hapohapo. Njia ya kuingilia ilipindwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani uani. Chumba kilichoitwa "ndani" kilikuwa nyuma kabisa, mbali na mgeni. Juu ya vichochoro palipita wikio, daraja la kuunganisha nyumba na nyumba, wanawake wakatembeleana bila kukanyaga njia. Anayefika alipiga hodi mara tatu; asipoitikiwa, alikwenda zake bila kinyongo. Adabu hiyo ina mizizi katika dini: Sura ya An-Nur inaamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na hadithi za Mtume zikaweka kikomo cha mara tatu.

Sura hiyohiyo inaingia hadi ndani ya familia. Inawataka watoto waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya isha. Basi faragha hatukuletewa na meli. Lakini angalieni anayepiga hodi ni nani: ni mtoto. Mzazi kumpigia hodi mwanawe? Wengi wetu tungecheka. Barua ya binti ilifunguliwa na baba, begi lilipekuliwa na shangazi, na jirani aliyemkuta mtoto mtaani saa za shule alimchapa. Jioni akachapwa tena nyumbani kwa kosa lilelile. Mpaka ulikuwa wa nyumba na wa wakubwa wake. Mtoto alikuwa wa wote.

Kuvunja kanuni nako si kugeni. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba, Unguja, katika familia ya kitumwa, muuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Miaka 40 baadaye Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, Dar es Salaam isionekane sketi fupi, wigi, suruali ya kubana wala dawa ya kujichubua. Hata kabla ya siku hiyo kufika, Oktoba 1968, vijana wa kiume waliwavamia wanawake Kariakoo hadi polisi wakaingilia kati. Wanawake waliovaa sketi zile ndio bibi zetu leo. (Wajukuu, ombeni kuona albamu.) Mapaja ya msichana yakawa suala la taifa, yeye mwenyewe hakuulizwa. Miaka miwili tu baadaye, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, ikasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Mara hii mpaka uliwekwa ndani ya nyumba, kwenye mwili wa mtu mmoja.

Kijana wa leo amefika hapo kwa njia ya simu. Imelala kifudifudi mezani, ina nywila. Mama anaichukua.

"Unanificha nini, mimi niliyekuzaa?"

"Sikufichi kitu, mama. Ungeniomba tu."

Mama amesikia tusi. Binti anadhani ametaja haki ndogo kabisa. Na binti huyohuyo usiku atajirekodi akicheza chumbani kwake, watu wasiomjua wamtazame. Wazee huona huo ni wazimu: kufunga simu na kuanika kitanda. Mimi sioni mgongano, kwa kuwa mara zote mbili ameamua yeye. Ninachokataa ni imani kwamba atabaki mwamuzi. Picha ikishatoka, anayeihifadhi hapigi hodi kwa mtu.

Lakini wa kwanza kuanika si vijana. Ni sisi wazazi tuliotuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo picha ya mtoto akiwa na dripu hospitalini, na ripoti yake ya shule ikiwa na alama za chini, shemeji wakachangia vicheko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 imeziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Sheria haitaingia sebuleni kwenu kila jioni, wala sitaki iingie.

Ombi langu kwa wazazi ni hili: kabla hamjarusha picha ya mtoto anayejua kusema, muulizeni. Akikataa, iacheni.