Korongo Kavu Lisikudanganye

Msikilizaji, Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Korongo ulilozoea kulivuka kwa miguu hujaa ghafla hata kama kwako hakujanyesha, kwani maji hutoka milimani. Wenzetu wa Mpwapwa na Kongwa hawajasahau mafuriko ya Januari 2010, ambayo pia yaliisomba reli ya kati eneo la Kilosa na Gulwe.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka kijijini. Muulize mwenyekiti wako: wajumbe ni nani, na maji yakija tukimbilie wapi?

Nyumbani, zibua mfereji. Vyeti viweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Korongo likijaa, usivuke; subiri lipungue. Ukihitaji Zimamoto na Uokoaji, piga 114.