Mwulize Anayeshuka

 

Leo twataka kuzungumza juu ya safari ya mlimani. Sisi tunaokaa Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru twauona Mlima Kenya kila mawingu yanapoondoka, na kwa kuuona mara nyingi twadhani twaujua. Lakini kuuona si kuujua.

Mwaka mmoja vijana wa kanisa letu walitaka kupanda hadi Lenana, kilele cha mita 4,985 ambacho mtu hufika kwa miguu yake, bila kamba. Wakachagua likizo ya Pasaka. Sisi wakubwa tulikubali upesi. Tukakodi gari, tukanunua unga, maharagwe na sukari, tukakesha katika maombi. Jambo moja tu hatukulifanya: hatukumwuliza mtu yeyote hali ya njia.

Pasaka huwa Machi au Aprili, na masika huanza katikati ya Machi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo mvua inayotufurahisha shambani, kule juu huwa theluji.

Tulifika kwenye lango la Naro Moru asubuhi, mvua ikinyunya. Kutoka hapo iko barabara ya gari hadi kituo cha hali ya hewa, mita 3,050. Tukamkuta mpagazi mmoja anashuka, matope yamemfika magotini. Ndipo tukauliza. Akatuambia mambo matatu. Barabara ya juu ni utelezi mtupu, gari letu halitapita. Kwenye majimaji yaliyo juu ya msitu, mguu unazama. Na kupita kambi ya Mackinder, mita 4,200, theluji imeanguka siku mbili na kufunika njia. Kisha akatazama miguu ya vijana wetu. Wengi walivaa raba. Hakuongeza neno.

Pakatokea ubishi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema, "Sisi tumeomba. Mungu atatufungulia njia." Twakiri kwamba maneno hayo yalituvuta. Ni nani apendaye kuonekana ana imani haba mbele ya vijana? Lakini mama mmoja aliyekuja kutupikia akasema kwa upole, "Wazee wangu, usiku tulimwomba Mungu atulinde. Je, huyu aliyeshuka sasa hivi, si yeye jibu letu?"

Tulinyamaza. Kisha tukageuza gari. Vijana wengine walilia, na pesa za gari zilikwenda bure. Lakini kila mama alimpokea mtoto wake akiwa mzima.

Ndugu wapendwa, kosa hili ni la zamani. Tarehe 3 Desemba 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa C.M.S., aliuona mlima huu akiwa Kitui. Kivoi, kiongozi wa Wakamba, alikuwa amekwisha kumweleza habari zake. Krapf alipopeleka habari Ulaya, wako wataalamu waliokataa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Walioketi mbali wakabishana na aliyeona kwa macho. Nasi tuliokaa chini ya mlima tulifanya vivyo hivyo: tulitegemea mawazo yetu, tukamwacha aliyetoka huko.

Agosti ya mwaka ule tulirudi. Safari hii tulimtuma mtu mbele, akawauliza askari wa langoni na viongozi wa njia. Kiangazi kilikuwapo, lakini hilo peke yake halikutosha, kwa maana miezi ile jua huwa upande wa kaskazini, na pande za kusini hushika barafu. Wakatushauri tutoke kambini saa tisa usiku, theluji ikiwa bado ngumu, na tushuke kabla ya mawingu ya adhuhuri. Tukatii. Jua lilipochomoza tulikuwa Lenana, na yule mzee wetu ndiye aliyeanza kumshukuru Mungu.

Bwana wetu alifundisha, katika Luka sura ya 14, juu ya mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Naye mwenyewe, alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Basi kuuliza si upungufu wa imani. Maombi hayakuwekwa yatupumzishe na kazi ya kuuliza.

Je, wewe wapanda mlima gani mwaka huu? Labda wataka kukopa pesa, au kuuza kipande cha shamba, au kuoa. Mtafute aliyepita njia hiyo karibuni, mwenye matope miguuni. Usimwulize aliyepita miaka 10 iliyopita, maana njia hubadilika kwa mvua ya usiku mmoja. Na kabla ya kuuliza, jipime: je, u tayari kugeuza gari akikuambia njia imefungwa? Kama hauko tayari, hujauliza bado.

Tuombe. Ee Bwana, utupe unyenyekevu wa kuuliza, masikio ya kusikia, na moyo wa kurudi nyuma bila haya. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.