Albumini kwa vichanga: tusikimbilie dripu
Mtoto njiti wa kilo 1 ana damu ya takriban mililita 90 tu mwilini. Ukimwongezea mililita 20 za albumini, yaani protini ya damu, moyo na mapafu yake lazima vibebe mzigo huo. Majibu ya maabara yatapendeza, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba njiti mwenye albumini kidogo anaokolewa na dripu hiyo.

Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ulitushtua: watoto mahututi waliomiminiwa haraka albumini au maji ya chumvi walikufa zaidi ya 10 kwa 100, wasiomiminiwa, 7. Vichanga wa chini ya siku 60 hawakuhusishwa. Nao wanastahili utafiti wao, na mama anastahili kuelezwa kwa nini chupa inatundikwa.