Daktari na Mgonjwa Mjini Durban

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo waliyoyarekodi kati ya madaktari na wagonjwa. Daktari alimkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tu.

Sasa tutazame Durban, ambako lugha nayo ni kikwazo. Wengi wanaopanga foleni katika hospitali za umma hapa ni wasemaji wa Kizulu, na madaktari wengi huuliza kwa Kiingereza. Anayetafsiri mara nyingi ni muuguzi aliyeacha kazi yake pembeni. Kwa ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo na Burundi hali ni ngumu zaidi. Mama huja na mwanawe aliyejifunza Kiingereza shuleni, na mtoto huyo ndiye anayetakiwa kumweleza daktari habari za hedhi ya mama yake. Mama gani atasema yote hapo? Atasema kichwa kinamuuma, apewe panadoli, arudi nyumbani na ugonjwa wake.

Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilianza mwaka 2014 kuwataka wanafunzi wa shahada ya kwanza wajifunze Kizulu, wakiwemo madaktari watarajiwa. Uamuzi huo naupongeza kwa moyo wote. Lakini Kizulu hakitamfikia yule mama mkimbizi kutoka Kongo. Serikali iajiri wakalimani waliofunzwa, wapatikane hata kwa simu, Kiswahili kikiwemo. Na kabla mgonjwa hajaondoka, daktari amwombe aeleze mwenyewe atakavyomeza dawa zake.