KHABARI ZA NYUMBANI NI HAKI YA JIRANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na aali zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, mliokusanyika katika siku hii ya kumbukumbu ya jumuiya: maneno ya leo hayahusu mambo makubwa ya dunia. Yanahusu neno dogo ambalo kila mtu hulitamka mara nyingi kwa siku, na aghalabu hulitamka bila ya kungoja jibu. Neno lenyewe ni hili: "Khabari za nyumbani?"

Katika adabu ya Waswahili, jibu la kwanza la swali hilo ni "njema". Hata aliyeamkia msibani husema "njema", kwa kumshukuru Mungu, kisha ndipo huongeza, "lakini mtoto hajambo kidogo," au, "ila mzee amelala na homa." Basi khabari yenyewe imo katika lile neno la pili, si katika lile la kwanza. Mwenye kuuliza huku miguu yake inakwenda, husikia "njema" akapita; na lile "lakini" hubaki mdomoni mwa mwenzake, halina wa kulipokea.

Mtume, rehema na amani zimfikie, hakuwa akiuliza namna hiyo. Anas bin Malik amesimulia, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa na ndugu yake mdogo aliyeitwa Abu Umayr, na mtoto huyo alikuwa na kindege akicheza nacho. Kindege kilipokufa mtoto akahuzunika. Mtume akamwuliza juu ya kindege chake kwa jina lake, kwa maneno ya upole na mzaha. Na izingatiwe hapa: huyu ndiye aliyebeba risala ya Mola, na mkuu wa Madina, mwenye wajumbe na majeshi na hukumu za watu mikononi mwake, wala hakuiona khabari ya kindege cha mtoto kuwa ni ndogo mno kwake.

Kadhalika alimwona Abdulrahman bin Auf ana alama ya manukato ya rangi ya manjano. Hakupita hivi hivi. Alimwuliza kuna nini. Abdulrahman akajibu kwamba ameoa mwanamke katika Ansari. Mtume akamwombea baraka, na akamwamrisha afanye karamu japo kwa kondoo mmoja. Khabari ya harusi ilijulikana kwa sababu jicho liliona alama ndogo, na ulimi ukauliza.

Tena kulikuwa na mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alipokufa watu walimzika bila ya kumwarifu Mtume, kana kwamba khabari yake haina uzito. Mtume alipokosa kumwona, akauliza. Alipoambiwa amekufa, akawalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamsalia. Katika visa hivi vitatu yamo maisha ya watu yote: huzuni ya mtoto, furaha ya harusi, na mauti ya maskini. Na katika kila kimoja mlango wa wema ulikuwa ni kuuliza.

Ndugu Waislamu, mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura ulijengwa juu ya adabu hiyo hiyo. Wazee walioukaa tangu mji huu ulipokuwa ukiitwa Usumbura hawakuwa watu wa asili moja. Wako waliotoka Ujiji, wako wa asili ya Manyema, wako waliovuka kutoka Uvira, na wako wenyeji wa nchi hii waliosilimu. Wengi hawakuwa na shangazi wala mjomba karibu. Jirani ndiye aliyekuwa shangazi na mjomba. Msafiri alipofika kwa chombo kutoka Kigoma au Rumonge, hakuachwa apumzike mpaka ametoa khabari: nani amezaa, nani ameoza, nani amefariki, mvua imenyesha namna gani, na dagaa wanavuliwa au hawavuliwi. Khabari hizo ndizo zilizowafanya wageni kuwa ndugu.

Siku hizi khabari zimekuwa nyingi zaidi na kuuliza kumekuwa kuchache zaidi. Mtu hupokea katika simu yake picha za harusi ya Nairobi na aqiqa ya Dubai kabla hajafungua kinywa, lakini hajui kama nyumba ya tatu kutoka kwake wamepika jana. Misiba mikubwa bado hujulikana, kwa kuwa hujitangaza yenyewe. Asubuhi ya Jumapili, 27 Januari 2013, lilipoungua soko kuu la Bujumbura, moshi ulionekana mji mzima, na kila mtu alijua kwamba wafanya biashara wengi wamepoteza mali yao. Lakini moto wa sokoni una moshi. Jiko lisilowashwa halitoi moshi, na njaa ya nyumba moja haionekani kutoka mbali. Hiyo haijulikani ila kwa anayebisha hodi.

Na upigwe mfano. Bibi mmoja mjane anakaa peke yake katika chumba cha uani. Mwanawe yuko safarini. Furaha yake ni mimea aliyoipanda katika makopo ya mafuta: mrehani, na mshubiri, na asumini aliyoletewa zamani na marehemu mumewe. Siku moja binti wa jirani, umri wake miaka kumi, anatumwa kuazima kinu. Anaona majani ya asumini yamefifia na mengine yameanguka. Anasema, "Bibi, mti wako unaumwa; majani yamekuwa manjano." Bibi anajibu, "Manjano? Mimi nayaona kama siku zote, mjukuu wangu. Labda kiu." Naye anachota maji anaongeza.

Binti anashika udongo, anaukuta ni tope. Kopo halina tundu chini. Na wenye ujuzi wa mimea wanajua kwamba mti katika chungu hufa kwa maji mengi kama unavyokufa kwa ukame. Mizizi nayo huhitaji hewa. Udongo ukijaa maji, mizizi hukosa pumzi ikaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa. Hapo majani hulegea na kugeuka manjano kana kwamba mti una kiu, na asiyejua humwagia maji zaidi, akaumaliza. Dawa yake ni kutoboa kopo, kukata mizizi iliyooza, kubadili udongo, na tangu siku hiyo kugusa udongo kwa kidole kabla ya kumwagia.

Binti anarudi nyumbani na kinu, na pamoja na kinu anarudi na khabari: "Mama, Bibi haoni kuwa majani ni ya manjano." Mama ni mtu mwenye akili. Hakusema, "Hayo ni mambo ya maua." Anakwenda jioni, anakaa, anauliza khabari, anapewa "njema", naye anangoja. Ndipo lile "lakini" linapotoka: macho yana ukungu mwaka wa pili sasa, kusoma msahafu kumekoma tangu Ramadhani iliyopita, na bibi hakupenda kumwambia mtu asije akawa mzigo. Wanampeleka kwa mganga wa macho, naye anasema ni mtoto wa jicho, nao ni ugonjwa unaotibika kwa kupasuliwa. Watu wangapi hukaa gizani miaka mingi wakidhani ni uzee tu, na huku dawa ipo?

Wiki mbili kabla ya hapo, katika njia hiyo hiyo, palikuwa na harusi kubwa. Bibi huyo alialikwa. Alikaa katikati ya wanawake wenzake, akapiga vigelegele pamoja nao, na biharusi alipopitishwa mbele yake aonyeshe hina yake, akasema, "Mashaallah," wala hakuiona. Watu mia walikuwa pale, na hapana hata mmoja aliyejua. Mtoto aliyetumwa kinu ndiye aliyejua, kwa sababu ya majani matatu ya manjano.

Hapa pana somo juu ya furaha za nyumba. Harusi na aqiqa ni katika sunna. Mtoto akizaliwa, siku ya saba huchinjiwa, wa kiume kondoo au mbuzi wawili na wa kike mmoja, hunyolewa nywele, hupewa jina jema, na uzito wa nywele zake hutolewa sadaka kwa fedha. Karamu ya harusi nayo ni sunna, na makusudio yake ni kutangaza ndoa na kuwalisha watu. Mtume mwenyewe alipomwoa Bibi Safiya, baada ya Khaybar, karamu yake ilikuwa ni tende, na maziwa yaliyokaushwa, na samli. Kila mwenye chakula alileta chake, wakachanganya wakala. Hapakuwa na deni, na ndoa ilikuwa na baraka.

Lakini zikitazamwa karamu za zama hizi, huonekana sare za kitambaa kimoja ambazo maskini hawezi kuzinunua, basi hujidai mgonjwa asije. Na msururu wa motokaa. Na mchango unaodaiwa kama kodi. Na bwana harusi anayeanza maisha yake kwa kulipa madeni. Mtume ametufundisha kwamba chakula kibaya kabisa ni chakula cha karamu ambayo matajiri huitwa na maskini huachwa. Basi mwenye furaha na ajiulize kabla ya kuandika majina ya wageni: je, katika majirani wa pande zote nne, yuko ambaye khabari yake haijulikani? Huyo aulizwe kwanza, kisha aalikwe. Na kumwalika bila ya kumwuliza ni kama kumwagia maji mti ambao udongo wake haujaguswa.

Pengine mtu atasema: "Kuuliza khabari za watu si ndiko kufuatafuata mambo yao?" Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat amekataza dhana mbaya, na upelelezi, na kusengenya. Na katika Sura ya An-Nur amekataza kuingia nyumba za watu bila ya kubisha na kutoa salamu. Tofauti ni hii: mpelelezi huchungulia dirishani, na jirani hubisha mlangoni. Mpelelezi huichukua khabari akaipeleka barazani. Jirani huichukua akairudisha na bakuli la uji. Khabari ya nyumba ni amana. Aliyeambiwa aibu ya mwenzake akaitangaza, au akaitia katika simu watu wote wakaiona, huyo amevunja amana, na kesho hapana atakayemwambia tena lile neno la pili. Hapo jirani mwenye shida hujifungia mlango, na dhambi ni ya aliyetangaza.

Wala khabari njema zisifanywe za kujifakharishia. Kumshukuru Mungu kwa neema ni wajibu. Ama kuonyesha kila sahani na kila nguo kwa watu ambao wengine wao hawakula, hilo si shukrani. Abu Dharr aliusiwa na Mtume kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake na awakumbuke majirani zake. Hakuambiwa aongeze nyama, kwa kuwa si kila mtu anayo nyama. Aliambiwa aongeze maji, na maji hayamshindi mtu.

Basi katika siku hii, yafaa jumuiya iazimie mambo matatu, nayo hayahitaji fedha.

Kwanza, kila njia ya mtaa iwe na watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, wenye kujua nani amezaliwa, nani mgonjwa, nani amesafiri, na nani hakuonekana msikitini au katika darasa ya wanawake. Na wajue vilevile kunyamaza.

Pili, kila baada ya sala ya Ijumaa, kabla watu hawajatawanyika, kila mmoja amwulize mmoja aliye pembeni yake khabari za nyumbani, na asimame angoje mpaka lile "lakini" litoke, kama lipo.

Tatu, watoto wasizuiliwe kutumwa kwa majirani kuazima na kurudisha. Katika Sura ya Al-Maun wamelaumiwa wanaozuia vyombo na misaada midogo midogo. Kinu, na ungo, na chumvi kidogo ndivyo vinavyofungua milango, na mtoto huona asichokiona mtu mzima. Na ikijulikana shida, isingojwe mwenye shida aombe, kwani wahenga walisema: mgonjwa haulizwi uji.

Ewe Mwenyezi Mungu, zitie baraka nyumba za Waislamu na za majirani zao wote. Waponye wagonjwa wao, uwarudishe salama wasafiri wao, uwajaalie heri maharusi wao na watoto wao wachanga, na uwarehemu waliotangulia. Utujaalie tuwe wenye kuuliza kwa huruma, wenye kungoja kwa subira, na wenye kuhifadhi amana. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.